Mapinduzi ya Ufaransa yalifika Lamu kwa njia gani?

Swali: Mwalimu wa historia katika shule moja ya upili kisiwani Lamu ameandika hivi: "Nilipokuwa nikifundisha Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Langoni aliniuliza mambo hayo yatuhusu nini sisi, ilhali Wafaransa hawakupata kututawala na mji wetu haukupata kuwa na mapinduzi. Ningependa nimpe jibu lenye uzito. Je, fikra za mapinduzi yale zilifika pwani hii? Kama zilifika, zilipita wapi, na zimeacha nini?"

Jibu: Mwalimu, assalaam alaykum. Fikra hizo zilifika, ila hazikufika zote pamoja, hazikuletwa na Wafaransa wenyewe, na ile iliyotia mizizi zaidi katika ardhi yetu si ile inayosifiwa vitabuni. Vitabu vya shule husifu uhuru, usawa na udugu. Lakini Tangazo la Haki za Binadamu na Raia, lililopitishwa na bunge la Ufaransa tarehe 26 Agosti 1789, lilikuwa na ibara 17, na wanafunzi wengi husomeshwa ya kwanza wasifike kwenye ya mwisho. Ya kwanza inasema kwamba watu huzaliwa na kubaki huru na sawa katika haki. Ya mwisho inasema kwamba kumiliki mali ni haki takatifu isiyovunjwa, wala mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa haja ya umma iliyothibitishwa na sheria, tena baada ya kulipwa fidia ya haki. Historia ya pwani yetu tangu zama zile, kwa maoni yangu, haieleweki mpaka ibara hizo mbili zisomwe kwa pamoja, kwa sababu kuna swali ambalo waandishi wake hawakulijibu: na ikiwa mali yenyewe ni mtu?

Swali hilo halikuwa la nadharia tu. Mwaka 1789 koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, lilikuwa na watumwa wapatao nusu milioni, na mabwana wa mashamba ya sukari waliokaa Paris waliunda klabu yao, iliyojulikana kwa jina la Massiac, ili kuhakikisha kwamba ibara ya kwanza haivuki bahari. Hoja yao ilikuwa kwamba mtumwa ni mali, na mali ni takatifu. Watumwa wenyewe waliinuka Agosti 1791, na baada ya miaka miwili na zaidi ya vita, bunge la mapinduzi likatoa amri ya tarehe 4 Februari 1794 ya kufuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa.

Hapa ndipo bahari yetu inapoingia. Visiwa vya Île de France na Bourbon, yaani Mauritius na Réunion za leo, vilikuwa vya Ufaransa, na mashamba yake yalilimwa na watu walionunuliwa Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Kwa hiyo amri ya 1794 ilikuwa na maana ya moja kwa moja kwa watu wa upande huu wa dunia: lau ingetekelezwa, soko kubwa la Kilwa lingefungwa mapema sana. Wajumbe wawili wa serikali ya Paris, Baco na Burnel, waliwasili Île de France mwaka 1796 wakiwa na askari ili kuitekeleza. Mabwana wa mashamba waliwatimua baada ya siku chache tu, nao wakaondoka bila kumkomboa hata mtu mmoja. Mwaka 1802 Napoleon akarudisha utumwa kwa sheria, na biashara ikaendelea kana kwamba Paris haikusema kitu.

Amri hiyohiyo iliyofia bandarini Île de France ilikuwa na nguvu Haiti, kwa kuwa kule walikuwapo watu waliokuwa tayari kuishikia silaha. Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa walioinuka, alikamatwa kwa hila mwaka 1802 akafa mwaka uliofuata katika ngome yenye baridi huko Ufaransa, lakini jemadari wake Dessalines na wenzake waliyashinda majeshi ya Napoleon, wakatangaza dola huru tarehe 1 Januari 1804. Mwanafunzi wako akisema kwamba mapinduzi ni mambo ya Wazungu, mtajie Haiti kwanza. Ibara ya kwanza iliandikwa Paris, na waliokuwa wa mwanzo kuichukua kwa ukamilifu wake ni Waafrika. Kisha umwambie pia lililofuata: mwaka 1825 mfalme wa Ufaransa, akiwa na manowari nje ya bandari, aliwalazimisha watu hao huru wakubali kulipa faranga milioni 150 kuwafidia waliokuwa mabwana zao. Ibara ya 17 ilirudi na kudai chake.

Nimekaa sana kwenye habari hii kwa makusudi, kwa sababu mtindo wa "uhuru kwa mtumwa, fidia kwa bwana" ndio uliotufikia sisi, na ulikuja kwa merikebu za Waingereza. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wake mwaka 1807, ikafuta utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni yake kwa sheria ya 1833, na kwa sheria hiyo ilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa senti; wengi wao walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana hao hadi 1838 kwa jina la mafunzo ya kazi.

Lamu wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa chini ya Oman. Baada ya vita vya Shela, mnamo 1812, ambapo watu wa Lamu waliwashinda Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na wenzao wa Pate, waungwana wa Lamu walimwomba Sayyid Said, mtawala wa Oman, hifadhi, na Ngome inayotazama soko hadi leo ilikamilika chini ya himaya hiyo, karibu na 1821. Kwa hiyo kila mkataba alioutia saini sultani ulikuwa sheria juu ya majahazi ya Lamu vilevile. Mkataba wa 1822 ulikataza kuwauzia watumwa Wakristo, jambo lililolenga hasa visiwa vya Wafaransa. Ule wa 1845 ulikataza kuwapeleka nje ya milki ya sultani iliyoko Afrika. Ule wa Juni 1873, aliolazimishwa Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, ulikataza usafirishaji wote wa baharini na kulifunga soko la watumwa la Unguja.

Matokeo yake hayakuwa yale yaliyokusudiwa. Mtu ambaye hawezi kuuzwa ng'ambo hubaki hapa, na bei yake hushuka, na kwa bei hiyo mwenye ardhi anaweza kufungua shamba ambalo zamani lisingemlipa. Karafuu za Unguja na Pemba zilikua kwa njia hiyo, na Malindi, mji uliokuwa umebaki magofu, ulifufuliwa katika miaka ya 1860 ukawa ghala la mtama na ufuta linalopeleka chakula hadi Uarabuni. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati dunia ya Magharibi ikijipongeza kwa kuukomesha utumwa, mashamba ya Malindi na yale ya watu wa Lamu upande wa bara yalikuwa yakilimwa na watumwa wengi kuliko wakati wowote wa nyuma. Wanahistoria hubishana juu ya uzito wa kila sababu, na mimi sisemi kwamba mikataba peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Mahitaji ya soko la nafaka na karafuu yalikuwa makubwa. Lakini fikra ya uhuru iliyofika ikiwa imekatwa nusu iliwabana wasafirishaji, ikawaacha wenye mashamba.

Walioukamilisha uhuru huo ni watoro. Wengine waliotoroka mashamba ya pwani walijijengea makazi ndani ya nchi ya Wagiriama, mashuhuri kati yake likiwa Fuladoyo, na wengine walipokelewa Witu, ng'ambo ya Lamu, chini ya Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba. Sina sababu ya kudhani kwamba walipata kusikia habari za Toussaint. Hawakuhitaji kusikia. Ukiwafundisha wanafunzi wako kwamba fikra husafiri, wafundishe pia kwamba fikra nyingine huzuka mahali pengi bila kusafiri, kwa kuwa mateso yenyewe ni mwalimu.

Ndipo ikaja sheria ya 1907, iliyofuta hadhi ya utumwa katika ukanda wa pwani uliokuwa milki ya sultani chini ya uangalizi wa Waingereza. Nayo iliweka fidia kwa wenye watumwa, kama ilivyokuwa Unguja mwaka 1897. Mwaka mmoja tu baadaye, 1908, serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya hatimiliki za ardhi za pwani: mwenye kudai shamba alipaswa kujitokeza mbele ya msajili akiwa na ushahidi, na ardhi ambayo haikudaiwa na mtu ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Tazama, Mwalimu, jinsi miaka hiyo miwili inavyofuatana. Waungwana na Waarabu waliokuwa na hati, mashahidi na uzoefu wa kadhi waliweza kusajili. Aliyekuwa mtumwa juzi alikuwa huru bila ya hata pishi moja ya ardhi, na Mgiriama aliyelima kwa haki ya ukoo hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Watu hao na wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota leo kuanzia Malindi hadi Kilifi na kwingineko. Sheria ile ilitungwa na Waingereza, ambao walikuwa na mapokeo yao marefu ya kuitukuza mali hata kabla ya 1789, kwa hiyo nisisemwe kwamba nawabebesha Wafaransa kila kitu. Ninachosema ni kwamba karne ya mapinduzi iliipa mali utakatifu wa kisheria duniani kote, na utakatifu huo ulitufikia ukiwa mzima, wakati usawa ulitufikia vipande vipande.

Usawa, hata hivyo, ulikuwa na mlango mwingine hapo hapo mjini kwenu, na itakuwa dhuluma kuuacha. Katika miaka hiyohiyo ambayo utumwa ulikuwa ukifutwa kwa karatasi, Habib Swaleh bin Alwy Jamalilleyl, aliyekuja kutoka Ngazija katika visiwa vya Komoro, alikuwa akiwasomesha dini watu ambao mpangilio wa zamani wa Lamu haukuwahesabu kuwa wanafunzi: watumwa, watoto wa watumwa, na wageni wasio na jina. Baadhi ya koo kubwa hazikupendezwa. Msikiti wa Riyadha na madrasa yake vilikua kutokana na darasa hilo, na Maulidi ya Habshi yenye kupigwa matari, ambayo sasa huwaleta Lamu wageni kutoka pwani nzima na ng'ambo, yalipata makao humo. Alifariki mwaka 1935, na kufikia hapo mambo ambayo kijana wa leo anayaona kuwa ya tangu na tangu, kama vile mtu yeyote kukaa mbele na kusoma, yalikuwa yamebadilika kabisa katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Chimbuko la fikra zake lilikuwa Hadhramaut, kusini mwa Uarabuni, na elimu ya masharifu wa huko haikutoka Paris hata kidogo. Mwanafunzi aliyesema kwamba Lamu haikupata mapinduzi huenda amepita mbele ya nyumba yake kila siku akienda shule.

Kuhusu sayansi nitasema kwa ufupi, ingawa ndiko alama ya 1789 ilipo wazi zaidi. Malalamiko yaliyoandikwa na vijiji vya Ufaransa mwaka huo yalirudia ombi la kipimo kimoja, maana kila bwana alikuwa na kibaba chake, na kibaba cha kupokea kodi kilikuwa na tabia ya kuwa kikubwa. Wanamapinduzi waliamua kwamba kipimo kisitokane na mkono wa mfalme wala wa mtu yeyote, bali kitokane na dunia yenyewe: mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Wanasayansi Delambre na Méchain walipima umbali kutoka Dunkerque hadi Barcelona kati ya 1792 na 1798, katikati ya vita, na mita yao ilipungua kwa takriban sehemu ya tano ya milimita tu. Waingereza waliikataa. Kwa sababu hiyo mfanyabiashara wa Lamu aliyekuwa akiuza kwa pishi, frasila na dhiraa aliongezewa ratili, yadi na maili wakati wa ukoloni, na kilo na mita zikaja kutawala dukani baada ya bendera ya Uingereza kushushwa. Kipimo cha mapinduzi kilicheleweshwa na wale wale waliodai kutuletea maendeleo.

Si kila kitu kilishika. Wafaransa hao hao walijaribu pia kugeuza wakati: wiki ya siku kumi, siku ya saa kumi, na kalenda mpya inayohesabu tangu kuanzishwa kwa jamhuri. Watu walinung'unika kwa kupewa siku moja ya mapumziko katika kumi badala ya saba, na kalenda ikafutwa kuanzia tarehe 1 Januari 1806. Sisi tungali tunaihesabu saa moja tangu kuchomoza kwa jua, na hakuna mapinduzi wala dola iliyoweza kutuondoa hapo.

Nirudi kwenye siasa, maana ndiko swali lako linakoelekea. Mwaka 1960, katika mkutano wa Lancaster House, London, wa kujadili katiba ya Kenya, mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya alikuwa Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi, aliyealikwa kwa juhudi za Tom Mboya. Huyu ndiye aliyeshinda mwaka 1954 kesi iliyobatilisha utengano wa rangi katika shule za umma Marekani. Aliandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya Kenya, na katika rasimu hiyo mtu aliyetetea weusi wachache dhidi ya wazungu wengi alijikuta akitafuta ulinzi kwa wazungu na Wahindi wachache dhidi ya weusi wengi, hasa ulinzi wa mali zao. Rasimu yake haikupitishwa neno kwa neno. Lakini katiba ya uhuru ya 1963 ilikuja na sura ya haki ambayo ilipata umbo lake kutoka katiba ya Nigeria, nayo ya Nigeria ilikuwa imeufuata mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu wa 1950, na katika katiba hizo mbili ulinzi wa mali na fidia yake ulikaa imara.

Kwa pwani kulikuwa na nyongeza. Oktoba 1963 serikali za Kenyatta na ya Unguja, chini ya Waziri Mkuu Mohamed Shamte, zilikubaliana kwamba ukanda wa sultani uwe sehemu ya Kenya. Barua zilizobadilishwa ziliahidi kuendelea kwa mahakama za kadhi, na ziliahidi pia kwamba hatimiliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa pwani zitatambuliwa daima. Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi ya Zanzibar yalimwondoa Sultani Jamshid. Watu wengi waliuawa, wengine wakakimbilia Mombasa na miji mingine ya pwani, na familia zetu kadhaa zina habari hizo ambazo hazizungumzwi mbele ya wageni. Serikali mpya ilitaifisha ardhi, kisha ikaanza kuzigawia familia eka tatu tatu, ingawa umiliki wa mwisho ulibaki mikononi mwa dola.

Mlinganisho huu ndio ningependa darasa lako liufikirie kuliko mwingine wote. Milki moja ya sultani, yenye utumwa wa aina moja na mashamba ya aina moja, iligawanyika sehemu mbili katika muda wa majira moja ya kaskazi. Upande wa visiwani ibara ya 17 ilifutwa kwa panga, na gharama yake ilikuwa damu na dola inayomiliki kila kitu. Upande wetu ilihifadhiwa kwa wino, na gharama yake ni watu wanaozaliwa, kuoa na kuzikwa juu ya ardhi wasiyoweza kuiita yao. Mimi siwezi kukuambia kwamba upande mmoja ulifanya vyema, na nina shaka na yeyote anayesema hivyo upesi.

Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, siku moja baada ya kumbukumbu ya mwaka wa 221 wa Tangazo la Ufaransa, bila shaka kwa sadfa tu, ilijaribu kuuingilia ugomvi huo. Ibara ya 1 inasema mamlaka yote ni ya watu wa Kenya, na hilo lingeeleweka mara moja na mjumbe wa 1789. Ibara ya 40 inalinda mali na kuamuru fidia, nalo angelielewa. Lakini kifungu cha 6 cha ibara hiyo kinasema ulinzi huo hauihusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria, na Ibara ya 67 inaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Ugumu uliobaki ni kwamba hati nyingi za pwani zilipatikana kwa kufuata sheria barabara, ile ya 1908. Dhuluma ilikuwa ndani ya sheria yenyewe.

Mpe mwanafunzi wako wa Langoni karatasi tatu: ibara ya 17 ya Tangazo la 1789, muhtasari wa sheria ya hatimiliki ya 1908, na Ibara ya 40 ya Katiba. Akishazisoma, aende kwa wazee wa nyumba yao akawaulize shamba la familia lililoko bara lilisajiliwa mwaka gani, kwa jina la nani, na nani aliyekuwa akililima siku hiyo.